Shamba la Ng'ambo Kama Linavyoonekana kutoka Juu

Chepng'etich mwanangu,

Salamu za kukuuliza u hali gani sitaandika, kwa maana uko chumba cha pili na nasikia zipu ya sanduku lako ikikataa kufunga. Shangazi yako anakwambia ulikalie. Mimi niko hapa mezani, mvua imeanza tena juu ya mabati, ng'ombe amekwisha kukamuliwa, na nimewaambia nyinyi wawili kwamba naandika ripoti ya kamati ya kituo cha kupimia majani ya chai. Huo ni uongo mdogo. Uko mwingine mkubwa, na ndio ulionifanya nichukue karatasi.

Mambo ya sweta na pasipoti na chakula cha watu wa huko, shangazi yako amekufundisha tangu Jumatatu na sina la kuongeza. Gari litakuja kesho alfajiri, wala sina wasiwasi nalo. Nina jambo moja tu. Wakubwa wako kazini wamekuambia uchague. Kule unakoenda, ambako wahandisi wetu na wa nchi ile watakaa miaka miwili wakiunda setilaiti yetu mpya, unaweza kushika kazi ya picha, yaani kuifundisha kompyuta kutambua kilichoko chini, chai ni ipi, mahindi ni yapi, msitu ni upi. Ama ukae na watu wa betri. Wanataka jibu kabla hujapanda ndege. Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni, nikakusikia ukimwambia shangazi yako, "Nitachukua betri. Betri ukiipima inakuambia iko sawa ama imekufa. Hii ya picha siiwezi, macho yangu yananidanganya."

Niliweka shoka chini. Macho yako hayajawahi kukudanganya. Aliyekudanganya ni mimi, na kabla hujaandika hilo jibu lazima ujue ilivyokuwa. Kama ningekuwa na ujasiri wa kukuambia kwa mdomo ningekuambia leo mchana tukila. Nilifungua mdomo nikaomba chumvi.

Sasa nivumilie kidogo, kwa sababu mimi siwezi kulifikia jambo hili bila kuanzia mbali.

Unakumbuka mizani ya kituo? Ulikuwa unakaa chini ya meza yangu, mgongo umeegemea magunia, ukitafuna majani mabichi mpaka ulimi unakuwa kama ngozi. Kina mama wanaingia na vikapu mgongoni, mvua inawatiririka, kila mmoja anataka kupimiwa kwanza. Nami nimesimama pale na kalamu. Miaka ishirini na miwili nilisimama pale, Chepng'etich. Mtu alikuwa anakuja na majani yaliyolowa maji ili yawe mazito, ananiangalia kwa macho ya huruma, ananitajia watoto wake mmoja mmoja. Nilikuwa namwambia, kung'uta kwanza. Hata mama yako nilimwambia akung'ute. Siku hiyo chai ya jioni nilijipikia. Lakini kilo yake niliiandika kama mshale ulivyosema, na watu wa mlima huu walijua hivyo, ndiyo maana mpaka leo hata kanisani wananiita Karani. Nilijivunia hilo jina kuliko nilivyowahi kusema.

Kwa hivyo kosa langu la kwanza kwako halikuwa la uongo. Lilikuwa la ubishi. Ulikuwa darasa la saba, ukatengeneza setilaiti kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, ukaubandika vipande vya kioo kilichovunjika viwe mabawa ya kushika jua. Mlikuwa mnaenda kushindana na shule zingine Bomet mjini. Ilikuwa msimu wa majani mengi, chai inakimbia, na mimi nikasema hakuna mtu anatoka hapa kwenda kuonyesha watu mkebe. Nilicheka hata. Nilisema, "Wazungu wenyewe wameshindwa kupeleka barabara hapa kwetu, wewe utapeleka mkebe mbinguni?" Haikuwa na maana yoyote, nilitaka tu watu wacheke, na arap Tonui jirani yetu alicheka. Wewe ulikwenda nyuma ya zizi.

Mama yako hakubishana nami. Asubuhi alichukua kikapu chake cha kuchumia kama kawaida, akakuita mwende shambani, na mimi nikaenda kituoni nikiwa mshindi. Saa nne Ouma, yule dereva wa lori la majani, akashuka akicheka. "Karani, nimeona bibi yako huko stegi ya matatu na kikapu mgongoni. Nikamuuliza, leo majani unauza Bomet? Akaniambia amebeba setilaiti." Nilishika kalamu kama mtu mwenye kazi nyingi. Mlirudi jioni mmelowa, hamkushinda kitu, ila mama yako alisimulia kwa wiki nzima jinsi mwalimu mmoja mgeni alivyouinua ule mkebe akauliza, "Nani alikuambia mabawa yanatakiwa kuelekea jua?" na wewe ukajibu hakuna aliyekuambia, uliona chai inavyoelekea. Hicho kisa kilimpa furaha mpaka mwisho wake. Mimi nilikisikia mara nyingi na kila mara nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Nataka ujue ya kwamba nilijua nimekosea jioni ileile. Kusema pole ndiko kulinishinda. Nilidhani mtoto husahau.

Ulipochukuliwa kama mwanafunzi wa mafunzo kwenye shirika la anga za juu la nchi yetu, nilikuwa nimejirekebisha kidogo. Ulikuwa unanipigia simu ukinielezea ofisi yenyewe. Mlikuwa wachache mngetosha kwenye benchi mbili za kanisa, viti vingine mmeazima, na mlinzi wa lango alidhani mnauza madishi ya televisheni. Kitu cha kwanza cha nchi yetu kilichopelekwa huko juu, uliniambia, kilikuwa kidogo ungekiweka kwenye kikapu cha chai na nafasi ikabaki. Niliwaambia watu kituoni, na wengine walivunjika moyo. Walidhani nchi ikipeleka kitu juu ni lazima kiwe kama tangi la maji. Mimi nikawaambia, nanyi mlianza na miche mingapi? Hapo ndipo nilipoanza kukutetea hadharani, na ilinipa raha kubwa, kwa sababu watu walikuwa wakinisikiliza kuhusu anga wakati mimi sijawahi hata kupanda ndege.

Na ile siku ya setilaiti iliyofuata, ile kubwa zaidi, iliyoundwa na vijana wetu wenyewe na wenzao wa nje? Wewe ulikuwa Nairobi na wenzako, sisi tulikuwa kituoni tumezunguka simu ya Ouma iliyoegemezwa kwenye mizani. Waliahirisha. Tukarudi siku nyingine, wakaahirisha tena, mara upepo, mara mawingu. Arap Tonui akasema hawa watu wanaogopa mvua kuliko wachumaji. Ouma ndiye aliyeeleza wengine kwamba roketi si yetu, ni ya watu, na ndani kuna mizigo ya nchi nyingi. "Yaani tumepewa lifti," akasema mama mmoja. "Ndiyo, lifti," Ouma akasema, "lakini mzigo ni wetu. Mimi nikibeba majani yako kwa lori, majani yanakuwa yangu?" Ilipopanda kweli, majani yalikuwa yamenyauka kwenye vikapu na hakuna aliyejali. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya kituo. Mama yako alikuwa ametutoka, mwaka wa tatu sasa. Nililia, mwanangu, na niliporudi nikawaambia ni vumbi la magunia.

Baadaye ukaja nyumbani na picha. Uliweka laptopu hapa kwenye meza hii ninayoandikia. Ukanionyesha Mulot, mashamba ya ngano yamekaa kama viraka, ukanionyesha Chebunyo jinsi kulivyokuwa kumekauka mwaka huo, kisha ukasogeza kidole na kukawa kijani. "Hapa ni sisi, Baba." Nilitafuta paa letu mpaka nikalipata. Nimeandika mlima huu kwa kilo maisha yangu yote, na pale nikauona wote kwa mara moja, na wewe ndiye uliyeniletea. Nilikuuliza kama wanaweza kuona ng'ombe. Ulicheka ukasema bado.

Ndipo ukanipa kazi. Ulisema wakubwa wako wamekukabidhi jaribio la kwanza la chai, kwamba setilaiti ikipita itambue shamba lililopogolewa na ambalo halijapogolewa, ili siku za mvua ya mawe au ukame watu wa kilimo wajue hasara iko wapi bila kungoja mtu apande mlima. Lakini kompyuta haijui chai. Lazima ifundishwe, na ili ifundishwe lazima mtu asimame chini, ndani ya shamba, aandike kilichopo kweli. Ukanipa orodha ya mashamba arobaini kwenye simu. Mwenye shamba, kuna nini, limepogolewa lini, majani yako kimo gani. Ulinishika mkono. Ulisema, "Baba, usiandike kutoka kituoni. Ingia ndani ya kila shamba." Wenzako walikuwa wametaka kuleta vijana kutoka nje. Wewe uliwaambia hakuna haja, una babako, na babako ni karani.

Mashamba kumi na moja ya kwanza niliyaandika kama yalivyo.

La kumi na mbili lilikuwa la arap Tonui. Unajua wanawe wote walihamia mjini, na mgongo wake haumruhusu kuinama. Chai yake haikuwa imepogolewa kwa miaka, nyuma ya nyumba ilikuwa imepanda juu imekuwa miti, inatoa maua meupe. Kwetu hapa unajua maana yake. Mtu anaweza kusamehewa deni na hata kesi, lakini mwenye kuacha chai ikawa miti, watu hupita kwake wakitazama upande mwingine. Mzee alinikuta nikiandika. Akaniuliza, "Karani, hiyo kitu iko juu inaona mpaka hapa nyuma?" Nikamwambia inaona. "Mpaka choo?" Nikamwambia choo si kazi yake. Hakucheka. Akasema taratibu, "Basi usiniandike hivyo. Nikufe na jina yangu iko huko juu kama mvivu?" Nami nikamwangalia yule mzee, tuliyechuma naye tangu ujana, aliyechimba kaburi la mama yako kwa mikono yake akiwa na mgongo huohuo. Nikaandika: chai, imepogolewa mwaka jana.

Nilijiambia ni shamba moja. Lakini ukishaandika moja, mkono unapata njia. La kumi na tatu lilikuwa limeng'olewa nusu likapandwa mikaratusi, na mwenyewe ni mzee wa kanisa. Nikaandika chai. Huyu ana wakwe wanaokuja mwezi huu, yule mkewe ni mgonjwa. Niliwasitiri wote. Nilirudi nyumbani jioni nikijiona mtu mwema sana, Chepng'etich, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu kwa mizani sikuwahi kumsitiri mtu.

Shamba la arobaini ni letu la ng'ambo ya mto.

Wewe hujavuka mto tangu mazishi, nami sikukulazimisha. Ulikuwa unaniuliza kwenye simu, kule ng'ambo kukoje, nami nasema kuko sawa. Unajua tulivyokipata hicho kipande mwaka uliozaliwa, na mama yako akakipanda mwenyewe, mche kwa mche, wewe ukiwa mgongoni. Mimi nilikuwa na kituo changu, kwa hivyo lile lilikuwa lake. Alilichuma wiki kwa wiki mpaka juu pakawa sawasawa kama meza. Alilichuma mara ya mwisho siku ya Jumanne, akasema amechoka kidogo, na Jumatatu iliyofuata tulikuwa hospitali.

Ulipofika wakati wa kulipogoa nilikwenda na panga. Kupogoa, wewe wajua, ni kukata kila kitu mpaka kwenye magoti, unabakiza vijiti. Nilisimama pale kwenye mstari wa kwanza. Kile kimo, ile sehemu ya juu iliyonyooka, ilikuwa kazi ya mikono yake na hakuna mkono mwingine uliokuwa umeigusa. Nikarudi na panga langu safi. Nikasema nitakuja wiki ijayo. Na kwa vile sikukata, sikutaka pia mtu mwingine achume, nikafunga lango kwa waya. Mwaka ukapita, na mwingine. Chai haikungoji wewe uache kuomboleza. Ile meza niliyotaka kuihifadhi ilipotea mwaka wa kwanza tu, ikamea juu, ikafika kichwani, ikanipita. Nilikuwa nalinda kitu ambacho hakikuwepo tena, na nilikiharibu kwa kukilinda.

Siku ya orodha yako nilifika kwenye lango. Sikufungua waya. Ulisema niingie ndani ya kila shamba, nami nilisimama nje na simu yako mkononi, nikaandika: chai, imepogolewa mwaka jana.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ila mimi nayajua kutoka upande wa pili. Kompyuta ilikuamini wewe, na wewe uliniamini mimi. Ikaambiwa miti ni chai iliyopogolewa, ikajifunza hivyo. Ukasimama mbele ya wakubwa wako na ramani ukutani, na nusu ya msitu wa serikali ilikuwa imepakwa rangi ya chai. Uliniambia mwenyewe kwamba mtu mmoja alicheka, akauliza siku hizi tunachuma chai na tumbili? Kisha wakauliza nani alithibitisha chini. Ungeweza kusema ni baba yako. Ulisema ni wewe, na kosa ni lako, na wakalipeleka lile jaribio kwa mwingine.

Ukaja Krismasi umekonda. Ulikaa na hiyo laptopu siku tatu ukirudia hesabu. Nilikuwa nakuletea chai, naiweka, naondoka. Siku ya tatu uliniita. Hili sijui kama unalikumbuka, mimi nalikumbuka kila siku. Uliniwekea kidole kwenye kioo ukasema, "Baba, hebu angalia. Kila nikipiga hesabu ya picha yenyewe bila orodha, inaniambia ng'ambo ya mto kuna miti. Katikati ya shamba la Mama. Lakini wewe umeandika chai."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ningesema maneno matatu tu yakaisha. Nilisema, "Labda ni kivuli cha kilima."

Ulikubali. Ulisema, "Haya, kumbe ni kivuli," ukaandika kwenye daftari lako kwamba hukujua kutofautisha kivuli na mti, na hapo ndipo ulipoanza kuyakataa macho yako. Setilaiti ilikuwa imeona huzuni yangu kutoka huko juu kabisa, wewe ukaiona, na mimi baba yako nikawaambia nyote wawili kwamba hakuna kitu.

Kwa nini sikusema? Nilikuwa na sababu. Niliogopa ungejua nimeliacha shamba la mama yako likawa msitu. Niliogopa ungejua kwamba yule karani unayemtaja kwa wenzako hayuko. Kisha niliposikia umesema kosa ni lako, nikaona kwamba sasa nikisema nitakuaibisha zaidi. Kila wiki niliyonyamaza iliifanya wiki iliyofuata kuwa nzito. Sikwambii haya ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu kazi unayoiendea ni ya kuangalia mambo ya watu kutoka mbali, na watakaokuandikia uongo kutoka chini hawatakuwa watu wabaya. Wengi watakuwa kama mimi na arap Tonui. Watakuwa na sababu nzuri, na watakupenda.

Wiki hii ulipokuwa unashinda Bomet kwenye ofisi za kaunti kutafuta mihuri, sikuwa kwenye mikutano ya kamati kama nilivyosema. Nilikuwa nazunguka. Mashamba yote arobaini, upya, mguu kwa mguu. Nilianza na arap Tonui kwa sababu ndiye niliyemwogopa. Nilimwambia, mzee, nilikuandika vizuri, na msichana akabeba aibu yetu sote mbele ya watu. Aliketi chini kwenye jiwe. Akauliza ni msichana yupi. Nikamwambia, Chepng'etich. Akasema, "Yule wa mkebe?" Nikamwambia ndiye. Akainuka akaniongoza nyuma ya nyumba mwenyewe, akashika mti mmoja baada ya mwingine, akawa ananihesabia. "Andika. Andika na hii. Mwambie huyo msichana mimi ni mzee, lakini si kipofu, hii ni miti." Wengine hawakuwa rahisi hivyo. Yule mzee wa kanisa hanisalimu sasa. Itabidi azoee.

Jana nilivuka mto. Nilikata waya, nikaingia ndani kama ulivyoniagiza. Ni giza humo, na kuna ndege. Nilitembea mpaka katikati ndipo nikaandika. Sikwenda na panga. Nitapogoa ukishaniambia nipogoe, ama tuache hivyo hivyo, hilo shauri nataka tulikate pamoja, kwa sababu mara ya kwanza nililikata peke yangu.

Orodha mpya iko ndani ya bahasha hii, majina yote, na chini nimetia sahihi. Nimeandika pia kwa mkubwa wako kwamba orodha ya kwanza ilikuwa yangu na ilikuwa ya uongo, na kwamba uliyeniamini huna kosa la hesabu. Barua hiyo sijaituma. Iko hapa, haijafungwa, uisome na uamue kama iende. Nimekuamulia mambo mengi bila kukuuliza.

Betri ni kazi nzuri. Kama unaipenda, ichukue, na nitajigamba kwa betri zako hapa kituoni mpaka watu wachoke. Lakini usiichukue kwa sababu ya kivuli cha kilima. Hapakuwa na kivuli. Ulitazama kutoka juu kule kote ukaona miti kwenye shamba la mama yako, na miti ilikuwepo. Uliona sawa, ukiwa peke yako, wakati baba yako alisimama kwenye lango akakana.

Naona aibu. Nimekuwa nikilizungukia hilo neno kurasa zote hizi. Naona aibu, na nakuomba unisamehe, la mkebe na hili, na kama huwezi kabla ya kesho, nenda hivyo hivyo ukiwa na hasira, mimi nitangoja.

Mpango wangu ulikuwa niiweke barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku, uikute ukiwa juu ya mawingu ambako huwezi kunijibu. Nilikwisha kuikunja. Lakini jibu lao unaliandika asubuhi kabla ya ndege, na hata kama sivyo, nimesimama nje ya lango vya kutosha. Kwa hivyo nitagonga mlango wako sasa. Nitamwomba shangazi yako atupishe, nikupe bahasha mkononi, kisha nitaketi kwenye kile kiti kando ya dirisha nikiwa kimya mpaka umalize. Sitaomba chumvi.

Umefika mwisho, mwanangu. Inua macho, niko mbele yako.

Baba yako